Aliyeshukuru kwa Ndizi na Kumlilia Jesse

Mpendwa wetu Eunike Ndelilio alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, Kirua Vunjo, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Ndelilio na marehemu mama Winfrida. Dada yake, Elisifa, aliyemtangulia kwa miaka minne, ndiye aliyeandika maneno haya, na leo anayasoma kwa miwani ya kuazima.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini hadi darasa la nne, mwaka 1963. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa dada yake. Siku moja baba aliwagawia ndizi za kuchoma. Eunike akapokea kwa mikono miwili, akasema, “Asante, baba. Yangu imeungua.” Elisifa akamfinya. Baba akacheka mpaka akakohoa: “Mwache. Huyu anashukuru na ukweli anasema.”

Maisha yake yote alikuwa mkulima. Alitunza kahawa na migomba ya kihamba, shamba la ukoo linalozunguka nyumba, akafuga ng'ombe wawili wa maziwa, na kwa miaka kumi na mmoja alilima mpunga Mabogini. Jembe lake hakumwazima mtu.

Tarehe 21 Septemba 1974 alifunga ndoa na marehemu Shedrack, fundi seremala, aliyefariki mwaka 1998. Walijaliwa watoto watatu: Jesse, Hellen na Pamela. Jesse alikuwa mpagazi wa watalii. Tarehe 9 Novemba 2010 alifia Mlima Kilimanjaro kwa mvua na baridi, akiwa na umri wa miaka thelathini na minne, akashushwa kwa machela.

Hapa mwandishi hatapita haraka. Siku ya kumzika Jesse, Eunike alipoanza kulia kwa sauti, Elisifa alimziba mdomo kwa kanga. “Nyamaza, mdogo wangu. Shukuru Mungu, umebakiziwa wawili.” Watu walimsifu Elisifa kwamba ana imani. Eunike akanyamaza miaka miwili. Hakulala, hakula mtori, supu yetu ya ndizi, hata wa kuonja. Watu wakaacha kumwita Mama Jesse, wakamwita Mama Hellen, naye hakuitika.

Sikukuu ya mavuno ya mwaka 2012 alipeleka mkungu wa ndizi madhabahuni. Mzee wa kanisa Ebenezeri akamuuliza anashukuru kwa lipi. Akasema, “Nashukuru kwa ndizi, kwa mvua, na kwa mabinti zangu. Kwa Jesse sijashukuru. Kwa Jesse ninalia.” Akalia palepale. Elisifa alimvuta kitenge aketi, akamwambia, “Unatuaibisha.” Eunike akajibu, “Dada, aibu ni yako. Mtoto alikuwa wangu.” Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Mabinti zake wanasema ndipo alipoanza kulala. Kila asubuhi, akishakamua, alikaa kwenye kigoda akiuelekea mlima na kushukuru kimoja kimoja: maziwa, magoti yanayokunjika, jirani aliyerudisha panga. Mwisho alisema, “Na Jesse, Bwana, hilo bado.” Kisha alikwenda kukata majani. Kila mavuno alitamka hivyo hivyo kanisani, na watu walizoea.

Mwaka 2021 Elisifa alituma isale, jani letu la kuombea msamaha, ambalo Mchagga halikatai. Hakulipeleka mwenyewe. Alimtuma mkwewe, Victoria. Eunike alilipokea akasema, “Mwambie dada nimelipokea. Lakini aje mwenyewe, tukae, anililie Jesse. Siku ile alininyima.” Elisifa akasema, “Isale ikipokelewa, maneno yamekwisha. Anataka nini tena?” Akasubiri kahawa ichumwe, kisha mvua iishe. Ikapita miaka minne. Kutoka mlango wa mmoja hadi wa mwenzake ni mfereji mmoja tu wa kuvuka.

Mwezi Februari mwaka huu wa 2025 Eunike aliugua tumbo, na hospitali ikaona ni saratani ya ini. Alihamia Rau kwa binti yake Pamela. Jumapili, tarehe 1 Juni, Elisifa alikwenda. Eunike alifumbua macho.

“Umekuja kulia, au kuniambia nishukuru?”

“Kulia.”

“Haya, lia.”

Elisifa alijaribu. Machozi hayakuja. Eunike akamtazama, akacheka kidogo. “Kaa tu, dada. Umezoea kuyafunga.” Wakashikana mikono mpaka chai ikapoa. Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni, saa kumi na moja alfajiri.

Jana Elisifa alifungua kitabu cha nyimbo cha marehemu ili achague wimbo wa leo. Alikuta ile isale ya 2021, imekauka, imebanwa kwenye ukurasa ambapo Eunike aliandika jina la Jesse kwa ule mwandiko wake mzuri. Hapo machozi yakaja, yakiwa yamechelewa siku tatu na miaka kumi na minne.

Ameacha dada mmoja, mabinti wawili, Hellen na Pamela, wajukuu watano na kitukuu mmoja. Mabinti wanaomba leo asizibwe mtu mdomo. Anayeshukuru ashukuru, anayelia alie.

Elisifa amekuja na isale mbichi, ameikata mwenyewe, na ataiweka kaburini kwa mkono wake. Isale haikataliwi. Lakini aliyelala haipokei.

Pumzika kwa amani, Mama Jesse.