Tangazo la Julien Lisifutwe

Sikilizeni wanangu, weye Yannick na weye Musoki, sogezeni viti, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni, na mama yenu Lucienne aache hiyo chai akae, kwa sababu maneno haya yanamhusu yeye kuliko ninyi. Nyumba hii ya Saio ni yake, na shamba la Nyankunde mutalilima pamoja. Hayo si magumu. Kigumu ni ile tovuti ya kutafuta watu waliopotea vitani, niliyoianzisha bunduki ziliponyamaza kidogo, nayo nawaachia pamoja na sheria zake.

Anayeandika humo asitukane kabila la mtu. Mumwonye, na akirudia mumfungie, kwa maana amani hii bado changa. Picha ya maiti isiwekwe, mama wa mtu anaweza kuifungua akiwa sokoni. Mtu akisema amemwona fulani, mumpigie simu kwanza, mumhoji sana, kabla hamjaipa familia tumaini. Na tangazo la aliyepotea lisifutwe na yeyote isipokuwa waliolileta.

Hiyo ya mwisho niliiandika nikisaga meno. Munajua tangazo la kwanza kabisa mule ni la Julien, mume wa kwanza wa mama yenu, aliyetoka hapa na pikipiki kwenda Komanda asirudi. Mimi ndiye niliyeliweka, kwa sababu Lucienne aliniomba. Picha yake ni nzuri, kijana wa Mahagi anayecheka, naye hazeeki, wakati mimi nimezeeka mbele ya macho ya mke wangu. Angekuwa mtu wa kugombana naye, ningegombana, huyu hanijibu. Kila Krismasi namwona mama yenu akifungua ukurasa ule, nami najifanya natafuta miwani.

Mwaka jana ujumbe ulifika kwamba Julien yuko Mahagi, anauza samaki. Neno la siri la kufungulia tovuti nilikuwa nalo mimi peke yangu, na kuufuta ujumbe ule ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Nikampigia yule mtu, nikamhoji mpaka jasho likanitoka, kisha nikamwita mama yenu nikamsomea.

Akaniuliza, "Athanase, weye unataka niende?"

Nikamwambia, "Sitaki. Lakini wende."

Nikamtafutia gari mwenyewe, nikabaki hapa. Aliporudi alisema tu, "Haiko yeye, ni mtu mwingine," akaingia jikoni akalia. Mimi nilifurahi, wanangu, sitawaficha, halafu nikakaa nje nikisikiliza kilio kile, na wivu ukanishika upya, kwa kuwa sikujua kama mimi nitaliliwa hivyo.

Nipeni maji... Basi. Neno la siri liwe la mama yenu, ninyi mumsaidie. Julien akifika siku moja, mumkaribishe, mumpe chakula, mumpe kiti. Kiti changu hapana. Jina langu musiliweke kule, hata kwa heshima, kule ni kwa wanaongojewa. Mimi Lucienne atajua nimelala wapi. Akitoka misa, aje... aje kwangu kwanza.

Mungu awalinde njiani, awape watoto watakaokua bila kukimbia, na asiwatenganishe... Lucienne, lete mkono. Si huo. Wenye pete yangu.