Bi. Fusae Namekawa, Aliyepima Maji kwa Mgongo wa Mbebaji

Tarehe 31 Machi, baada ya miaka thelathini na minane ya utumishi, Bi. Fusae Namekawa anastaafu kutoka Idara ya Maji ya mji wetu wa Kurezawa. Dawati la dirishani litabaki wazi. Tumekwisha kuligombania, lakini hakuna aliyethubutu kulikalia.

Alianza akiwa karani wa stoo. Mwaka wake wa kwanza alipokea dawa ya kusafishia maji, akaandika kila lita kuwa kilo moja. Mkuu wake akamrudisha kwenye mizani: lita ile ilikuwa kilo moja na robo! Kosa hilo hakulificha. Kila mwajiriwa mpya alisimuliwa, kisha akaonywa, “Lita ni kilo kwa maji peke yake. Kingine chochote, kipime kwanza.” Hata mchuzi wa soya wa jikoni kwetu ulipimwa.

Lakini tutamkumbuka zaidi kwa vuli ile ya kimbunga. Bomba kuu lilikatika, na wazee sitini na watatu wa makao ya ng'ambo ya mto wakakaa siku mbili kwa maji ya chupa. Daraja lilipata ufa. Mafundi wakaruhusu tani nne tu, si zaidi. Dereva wetu, Bw. Kurihashi, tayari alikuwa anajaza tangi la lita elfu mbili.

“Funga bomba!” Bi. Namekawa alimpigia kelele.

“Si maji tu haya, dada?”

“Hayo maji tu ni tani mbili. Gari na tangi lake tupu ni tani mbili na kilo mia tisa. Wewe je, una kilo ngapi?”

“Sabini.”

“Kurihashi!”

“Haya, themanini.”

Zikabaki kilo elfu moja na ishirini. Akaamuru lita elfu moja, akamwonya aende polepole kwa sababu maji ya tangi lililojaa nusu huchezacheza. Bw. Kurihashi akamfungulia mlango. Akakataa.

“Mimi ni lita hamsini na nane. Nitatembea.”

Akavuka kwa miguu, mvuani, kabla ya gari, macho yake kwenye ule ufa. Bw. Kurihashi anakiri kwamba alilia usukani ukiwa mkononi. Safari mbili zilikamilika salama kabla giza halijaingia, na jioni ile wazee wakapikiwa uji wa moto.

Kesho yake, kwenye foleni ya maji, bibi mmoja alileta dumu la lita ishirini. Bi. Namekawa akamuuliza anakaa ghorofa ya ngapi. Ya nne, bila lifti. Akamjazia mfuko wa lita sita, akaubeba mwenyewe mpaka mlangoni, na keshoye akarudi na mwingine. Tangu hapo idara yetu hugawa mifuko ya lita sita yenye mikanda ya mgongoni. Wazo ni lake, ingawa kwenye ripoti aliandika majina yetu sote.

Sasa anakwenda kuishi na dada yake, kwenye shamba la matunda ya persimoni. Bi. Namekawa, asante kwa hesabu zako, na kwa kutuuliza kila mara ni nani atakayebeba. Nenda salama. Tunakuombea afya njema, vicheko vingi, na asubuhi ndefu zisizo na simu ya idara.