Mwalimu wa Chandarua: Évariste Asukulu Mmunga, 1984–2025

Ndugu wa Fizi, waumini wenzetu, majirani wa hapa Malvern, Johannesburg, na ninyi watoto mliosimama mbele. Kuna wazazi waliotaka mbaki ndani ya magari, msilione kaburi. Mtaelewa kwa nini mko hapa mkisikia maisha ya huyu tunayemlaza leo.

Évariste Asukulu Mmunga alizaliwa tarehe 9 Juni 1984 mjini Baraka, Fizi, Kivu Kusini. Alikuwa mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Mmunga na mama Riziki. Baada yake walizaliwa Léocadie, kisha Ishaka, kitinda mimba. Évariste alizaliwa akitanguliza miguu, na mama yake alisema ndiyo maana hakuwahi kutulia. Hata akila, lazima ainuke kwanza akachungulie mlangoni.

Alianza shule ya msingi palepale Baraka mwaka 1991. Oktoba 1996, akiwa darasa la sita, vita vilifika. Wazazi waliwapakia watoto wa mtaa kwenye mtumbwi wa injini, wakawateremsha ng'ambo ya rasi ya Ubwari na kuwaambia, "Tungojeni hapa, tunarudi." Watoto walikuwa na sufuria, unga wa muhogo na chandarua kimoja. Mwanzoni walilala wote chini yake, vichwa ndani, miguu nje. Unga ulipopungua wakaanza kugombana, wakagawanyika makundi, wakakikata kile chandarua vipande ili kila kundi livue dagaa wake. Kila mtu akawa na kipande, na hakuna kipande kilichomfunika mtu. Ishaka, aliyekuwa na miaka minne, akashikwa na homa. Mtumbwi uliporudi ulimchukua yeye kwanza, pamoja na shangazi yao aliyekuja na mtumbwi huo.

Waliobaki walivushwa baadaye hadi Kigoma, wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Wakubwa wakawaambia, "Ishaka amesafiri na shangazi." Évariste aliamini. Kila lori lililoleta wageni kambini lilimkuta amesimama njiani, ameshika mkono wa Léocadie, akitazama nani anashuka. Ukweli aliusikia bombani, kwa wanawake waliokuwa wakisimuliana habari za mtoto wa Mmunga aliyezikwa njiani. Hawakujua kwamba kijana aliyekinga ndoo nyuma yao alikuwa kaka yake. Aliiacha ndoo ikafurika. Tangu siku hiyo hakuweza kulisikia neno "amesafiri" bila kuuliza, "Wapi?"

Alimaliza sekondari kambini mwaka 2004 akafundisha watoto wadogo hapohapo. Mwaka 2009 alifika Johannesburg. Huku kazi aliyoipata ni ya ulinzi, kwenye duka la vipuri vya magari Jules Street. Lakini kila Jumamosi alivua sare, akapanda ngazi za jengo letu la kanisa pale mjini, akawafundisha watoto wetu kusoma. Hapo ndipo alipowatungia hadithi ya watoto walioachwa kisiwani na chandarua kimoja. Wote mnaijua. Aliwauliza, "Haya, chandarua ni nini?"

"Ni mama," akasema Shekinah, binti wa Léocadie.

"Ni sheria," akasema Cédric, maana Cédric anapenda kuongoza.

"Eish, Papa, ni neti tu!" akasema mwanawe mwenyewe, Exaucé.

Darasa likacheka, na mwalimu akacheka kuliko wote. Kisha akasema, "Na wao walifikiri hivyohivyo. Ndiyo maana walikikata."

Tarehe 7 Desemba 2013 alifunga ndoa na Victoire, msusi, mzaliwa wa Lubumbashi. Walijaliwa Exaucé na Benita. Victoire anasema aliolewa na mwanamume na mlango wake, kwa jinsi alivyokuwa akiuchungulia.

Kwa miaka mingi hadithi ile iliishia pale mtumbwi unapomchukua mtoto mdogo. Mwaka jana mtoto mmoja akauliza, "Alirudi?" Évariste akawaambia: hapana, alifariki. Shekinah akaacha kulala. Mama yake ni fundi cherehani, na mama yeyote hapa anajua moyo unavyokwenda mbio mtoto akikosa usingizi. Akaenda kanisani na utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni.

"Yaya, unafundisha kusoma ama unafundisha matanga?" akamuuliza kaka yake.

"Léo, sisi walituambia nini?"

"Walituambia amesafiri. Walituhurumia."

"Na weye uliacha lini kumngojea?"

 Léocadie alimshika binti yake mkono wakashuka ngazi, na njia nzima akaapa kwamba mtoto hatarudi kwenye darasa lile. Jumamosi iliyofuata alimkuta Shekinah mlangoni, amevaa viatu. "Mama, nataka kujua wale wengine walifanyaje baadaye." Akampeleka, akabaki kwenye ngazi akisikiliza.

Machi mwaka huu figo zilianza kumsumbua Évariste. Alifundisha akiwa ameketi, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona, na likatutisha kuliko maneno ya daktari. Alifariki Alhamisi, tarehe 17 Julai 2025, asubuhi, katika hospitali ya serikali, Victoire akiwa kando yake.

Matanga yalipowekwa, sisi wakubwa tulifanya kama tulivyofanyiwa. Watoto walipouliza tuliwaambia, "Mwalimu amesafiri." Shekinah alimtazama mama yake na kuuliza, "Amesafiri kama Ishaka?"

 Mama mmoja mzee akasema, "Mwambie ndiyo, mtoto asiumie." Léocadie akamkalisha binti yake magotini, ingawa ameshakua mrefu, akamwambia: "Hapana. Mjomba amekufa. Hatarudi, tusimngojee." Mtoto akalia, na wenzake wakalia, kisha wakaomba waje kumzika. Usiku ule Shekinah alilala. Mama yake ndiye hakulala, na hadi leo anawatazama watoto hawa mmoja mmoja, akijiuliza kama alifanya vema.

Marehemu ameacha mjane, Victoire. Watoto wawili, Exaucé na Benita. Mama yake mzazi, mama Riziki, aliyeko Nyarugusu. Dada yake, Léocadie. Mpwa wake, Shekinah. Na watoto wa darasa la Jumamosi. Ametanguliwa na baba yake, mzee Mmunga, na mdogo wake, Ishaka, aliyefariki Novemba 1996 akiwa na miaka minne. Familia haijawahi kuliandika hilo popote mpaka leo.

Watoto, sogeeni karibu mtie udongo. Mwalimu wenu hakusafiri. Yuko hapa, na mlango tutauchungulia sisi. Apumzike kwa amani.