Hilaria Mhina na Nafasi Moja Kati ya Majina

Dada yetu Hilaria alizaliwa Magoma, Korogwe, tarehe 12 Machi 1970, mtoto wa kwanza wa Mzee Mhina na Mama Shida. Alimaliza darasa la saba mwaka 1984, akasomea kupiga taipu Korogwe mjini.

Mwaka 1990 aliajiriwa ofisi ya shamba la mkonge. Taipu ya pale ilikuwa mbovu, nafasi ya kutenganisha maneno haitoki mpaka ugonge mara mbili, na dole gumba lake likazoea hivyo. Shamba lilipouzwa mwaka 1998 akapunguzwa kazi. Alikwenda Dar miezi minane, akarudi anajua kuandika programu za kompyuta kwa lugha ya Java. Waliosema alifuata bwana mjini, leo wanyamaze. Mfanyabiashara mmoja, Salimu, akampa kazi kwenye duka lake la kuchapa, mtaa wa Manundu, Korogwe mjini.

Mwaka 2001 alichapa kwa kompyuta ya duka orodha ya waliogawiwa viwanja kijijini Kang'ata. Baada ya wiki tatu akaingia mfugaji mmoja, Leboo Kisemei, amefura. Ofisi ya viwanja walikuwa wametafuta jina lake kwenye kompyuta wakamwambia hayupo, na Ijumaa kiwanja chake anapewa mtu mwingine. Hilaria akaangalia, akakuta kati ya Leboo na Kisemei nafasi ziko mbili, na kompyuta ikitafuta jina lenye nafasi moja hailioni. Salimu alimshauri aseme kompyuta imeharibika.

"Kompyuta ni nzima, bosi," alijibu. "Kosa ni la dole gumba langu."

Akaandika programu: inapoandika maneno, ikikuta nafasi zimefuatana, inaweka moja, zingine inaziruka. Mara ya kwanza iliziruka zote, ikatoa LebooKisemei, duka zima likacheka. Akarekebisha. Ijumaa alidandia lori mpaka Kang'ata na orodha mpya kwenye disketi, akasema kosa lake mbele ya watu wote. Wakatafuta tena. Jina likaonekana, kiwanja kikabaki cha Leboo.

Yeye na Leboo walifunga ndoa tarehe 14 Juni 2003. Leboo alimwambia, "Ulinipoteza kwa dole gumba, sasa nishike kwa mkono mzima."

Figo zilianza kumsumbua Februari 2005. Alitibiwa Korogwe na Dar, akaomba arudishwe nyumbani. Alifariki tarehe 9 Agosti 2005, kwenye kiwanja kile kile, na ndipo tunapomlaza.

Ameacha mume, binti yao Nasinkoi wa mwaka mmoja, wazazi na sisi wadogo zake wawili. Karatasi hii imepitishwa kwenye programu yake. Angalieni jina lake na la mumewe, katikati nafasi ni moja: Hilaria Leboo.

Pumzika, dada. Mungu akupokee vizuri.