Nukta ya Nyabibuye

Asubuhi hiyo ya Machi 2014, kwenye benchi la kahawa nyuma ya soko la Kibondo, mzee Tharsisi, aliyehamia hapo mjini kutoka Nyabibuye, alikuwa amepakata madaftari kumi na tisa. Kila moja lilikuwa na mwaka mmoja wa mvua ya kule, iliyopimwa kila siku saa tatu asubuhi, yeye akimimina, marehemu mkewe akiandika. Shadia, bibi shamba kijana, alitaka kuyalinganisha na mvua ya kompyuta. Lakini kwanza ipatikane nukta, yaani mahali ambapo kompyuta hukadiria mvua, iliyo karibu na kipimo chao. Ikikosekana, madaftari yanarudi mvunguni.

Shadia aliandika mstari mmoja wa amri kwenye kioo cheusi cha kompyuta yake. Namba zikamwagika, mbilimbili.

— Hizi ndizo nukta zote za faili la hali ya hewa, babu. Nimezitoa zenyewe tu, bila mvua.

— Sasa nukta bila mvua ni za nini? aliuliza Abdalah fundi viatu, ambaye wenzake humwita Redio.

Redio alipiga namba za kwanza kwenye simu yake kama zilivyopangwa. Ramani ikamtupa jangwani.

— Mnaona? Walishatuhamisha kitambo. Mahindi yangu yanakauka, kumbe mvua yetu inanyeshea ngamia.

— Umeanza na longitudo, kaka, alisema Shadia. Simu inataka latitudo kwanza.

— Basi kila nukta wamefukia sumaku ya kuvuta mawingu. Kasulu mtu alichimba choo, akakutana na chuma.

— Ilikuwa sufuria, alisema Tharsisi, macho hayabanduki kwenye kioo.

— Na sufuria iliingiaje chini, mzee? Ilivutwa.

Shadia alishusha kidole polepole, akakisimamisha.

— Hii hapa. Kilomita sita tu kutoka kwenye kipimo chenu. Madaftari nayachukua yote, babu.

— Ego, alikubali Tharsisi kwa Kiha. Akilini alimwona mkewe mlangoni, kalamu mkononi, akimwambia asome tena, asimdanganye hata milimita moja. Alizitamani asubuhi zile kuliko kitu chochote.

Reverien, muuza vitunguu kutoka Manyovu, alikuwa amesimama kungoja kikombe chake.

— Na tangu mzee ahamie huku, kule anapima nani?

Shadia alimtazama Tharsisi. Redio aliinamia kahawa yake.

Tharsisi alimkabidhi Shadia madaftari, akafunga vifungo vya koti, akauliza gari la Nyabibuye linaondoka saa ngapi.