Shimo Safi la Mama Kavuo

Ubao wa kukalia ulio mbele ya meza ya kahawa ya Mama Kavuo, pale Mangina, haukosi watu wa kuubishia ulimwengu. Asubuhi hiyo Mathe, wanayemwita Papa Bote kwa kuwa havui bote zake za mpira hata kanisani, hakuwa na hamu ya kubisha. Alikuwa akitazama beseni la mihogo ya Kavuo, migumu kama siku ilipong'olewa. Shimo analolowekea mihogo ndilo pekee lililosalia la kinamasi cha zamani. Kwingine kumejaa mikaratusi. Kwenye salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi, Kavuo akiwa sokoni, wanaume walikomba matope yote meusi ya chini. Tangu hapo mihogo hailainiki, na isipolainika, mjane huyu hana unga wa kuuza. Mathe ndiye aliyeongoza majembe, akidhani anampa zawadi. Sasa moyo unamuuma.

— Ni mbegu, alianza Gracien, aitwaye Radio kwa kuwa hazimiki. Muhogo ya leo inatoka Kamango. Haiyazoee maji yetu.

— Hapana! alidakia Éliakim, fundi wa simu. Ni antenne ya simu. Iko inakausha maji kwa ndani.

— Maji inakauka kwa ndani namna gani? Radio aliuliza.

— Ya inje inabakia. Ndiyo yenye uko unaona.

— Ao muhogo yenyewe iko mu grève, imegoma kazi! Tungojee tu. Bazee balisema, mwenda pole hajikwai.

— Mu kiangazi ilikuwa inachelewa, Kavuo alisema akimimina kahawa, lakini ilikuwa inalegea. Sasa hailegee kabisa.

Pikipiki ikasimama. Akashuka Hadassa, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Butembo, na chupa zake tupu mkobani.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone! Radio akashangilia.

Mathe alisimama.

— Dada, wakati ya mvua ulichota matope mu shimo ya mama. Mule muko nini?

— Bidudu bidogo sana, papa, macho haibione. Bya mvua na bya kiangazi habifanane, binapokezana kazi. Ndiyo binalegeza muhogo. Nilikuya kuchota ya kiangazi, nilinganishe.

Radio alizimika.

— Tuliondoa yote, Mathe alisema. Tulitupa mu mto. Tulisema ni buchafu. Unisamehe, Mama Kavuo.

— Ilikuwa inanuka, kweli, Kavuo alijibu polepole. Lakini mungeniuliza.

Hadassa aliwatazama mmoja mmoja.

— Hata kidogo, hakuna mwenye alibakisha? Yenye inashika ku bote inatosha kuanzishia ingine.

Kila mtu alichungulia kikombe chake. Mathe aliinamia miguu yake. Jioni ile ya salongo alizisugua bote kwa sabuni na brashi, nyayo kwa nyayo, ili aende nazo misa. Zilikuwa zinang'aa.