Insulini Iliyoganda

Ko, ko, ko! Mshona nguo aligeuka kutazama chupa ya chai iliyokuwa ikilia hivyo mapajani mwa jirani yake kwenye basi, fundi mwashi mwenye kifua cha kujidai.

"Kaka, chai gani hiyo yenye mawe?"

"Si chai, dada. Ni insulini yangu. Huigandisha kwenye friza iwe na nguvu zaidi."

Mshona nguo, naye mgonjwa wa kisukari, akashika kichwa. "Umeiua! Ikiganda haifai tena. Hiyo ndiyo inayoingiza sukari kwenye misuli. Sasa sukari yako inazurura tu kwenye damu!"

Basi zima likatega sikio, maana ugonjwa wa mwenzio ni mtamu kusikiliza.

"Mbona mimi mzima kama chuma?"

"Chuma gani kimesimamisha basi mara tatu kikakojoe?"

Abiria wakaangua kicheko. Fundi akabisha njia nzima: mbona nyama ikiganda haiharibiki? Basi liliposimama, alimkuta bintiye, aliyemwita aje kumjengea nyumba, akimsubiri mlangoni.

"Mwanangu, nyumba yako nitaijenga. Ila nakuahidi, sishiki tofali kabla hatujapita duka la dawa. Na si kwamba huyu dada kanishinda!"